Picha Isiyokuwa na Nyimbo

Jumatano ile wanawake wa Tanga walipofurika jumba la sinema kwa onyesho lao la alasiri, hakuna aliyejua kwamba picha yenyewe haikuwa na nyimbo. Bango la nje lilikuwa na mwanamke wa Kihindi mwenye macho makubwa ya wanja, na hilo liliwatosha. Walikuja makundi makundi kutoka Makorora na Ngamiani, wamejifukiza udi, wamebeba watoto wachanga na vikapu vya bisi, tayari kulia na kuimba.

Mwamvua alikaa safu ya katikati na shoga yake Sabiha. Hao walikuwa chanda na pete tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, walipokuwa wakichapwa wote wawili kwa kosa la mmoja. Siku hizi kila mmoja alikuwa na chama chake cha ngoma ya lelemama, Mwamvua katika Waridi na Sabiha katika Asumini, na vyama hivyo vilitupiana vijembe kila arusi. Lakini mambo ya ngoma waliyaacha ngomani.

Taa zikazimwa. Picha ikaanza na mwanamke anafagia nyumba kubwa, peke yake. Akafagia sana. Kisha sauti ya mtoto ikamwita kutoka kisimani uani. Mwanamke akaacha ufagio, akaenda, akachungulia, hapana mtu. Mume akaja, naye hakusikia kitu. Mama mkwe hakusikia. Daktari akaletwa na mkoba wake, akatikisa kichwa. Na kila mara sauti ile ilipoita, mwanamke aliitika.

"Nyimbo ziko wapi?" akauliza mtu wa nyuma.

"Na jini lenyewe liko wapi? Tuonyesheni jini!"

Vicheko vikazuka. Mwanamke wa picha alipoitikia tena, ukumbi mzima ukaitikia naye, "Beee!" kwa sauti za kukejeli. Wengine wakaanza kurusha bisi kwenye pazia jeupe, wengine wakavuta buibui zao wakatoka huku wakimlaani mwenye sinema. Jini halikuonekana hata mara moja. Mwisho wake mlango wa uani ulifunguka wenyewe, na nyayo ndogo za maji zikatokea sakafuni, moja, nyingine, nyingine tena, zikija mbele, mpaka pazia likawa jeusi.

Mwamvua hakucheka. Aliukamata mkono wa Sabiha. Kihindi hakukijua hata neno, lakini hakukihitaji. Lililomtisha halikuwa zile nyayo. Lililomtisha ni uso wa yule mwanamke kila alipowatazama watu wa nyumba yake na kuona kwamba wamekwisha kukubaliana kuwa amerukwa na akili.

Walipotoka nje kwenye jua, wanawake walikuwa wakiigizana. "Beee!" huyu anamwitikia huyu, wanakufa kwa kicheko. Sabiha alinyamaza mpaka walipofika Makorora, uani kwa Mwamvua. Hapo akavua buibui, akakaa juu ya mkeka, akasema:

"Mwenzangu, mie leo nimeogopa. Wale wanacheka nini?"

Maneno hayo yalimwingia Mwamvua kama maji kwa mwenye kiu. Miaka minne alikuwa amefunga mdomo. Akamimina kahawa, akasahau kuinywa, akasema.

Alimweleza habari za Idarusi, mwanawe, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Kifo kile Sabiha alikijua, alikuwapo matangani. Asichokijua ni kilichofuata. Baada ya arobaini, mtoto alianza kuita kutoka nyuma ya mlango. "Mama, maji." Sauti yake hasa, yenye kitembe chake. Mwamvua alimwambia mumewe, Uweso, naye Uweso akamwambia mamake, na wote wawili wakampeleka Kigombe kwa mganga, akasomewe na kufukizwa. Walimfukiza mpaka akasema simsikii tena, ili wamwache. Wakafurahi. Wakachinja na mbuzi.

"Kumbe ulikuwa ukimsikia bado?" Sabiha aliuliza taratibu.

"Nilikuwa namtekea maji. Naweka kopo nyuma ya mlango, Uweso akiwa shamba. Asubuhi nayakuta yamepungua. Sasa weye niambie, shoga, ni panya? Ni joto? Sijui. Baadaye akaacha kuita, na kuacha kwake kuliniuma kuliko kufa kwake. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba kuna mtu mwingine duniani anayajua haya. Mtu huko Bombei alikaa akayawaza, akayatia kwenye picha. Na watu wakarusha bisi!"

Sabiha alilia. Machozi ya kweli, yalimtiririka mpaka kidevuni. Akamshika mkono akasema, "Hili limeingia kaburini."

Jumatano iliyofuata walirudi pamoja kuitazama tena, lakini picha ilikwisha kuondolewa. Bango jipya lilikuwa na watu wanaocheza chini ya mti wa maua, na foleni ilizunguka jumba zima. Mwamvua akageuza njia. Sabiha alisitasita, akasema kwa kuwa wamekwisha kufika basi yeye ataingia. Mwamvua hakuona ubaya.

Mwezi wa mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha, kukawa na arusi kubwa Makorora, na vyama vyote viwili vikaalikwa. Asumini walikuwa na hali mbaya mwaka ule. Waridi walikuwa wamewashinda arusi mbili mfululizo kwa nyimbo, na maneno ya mjini yalikuwa kwamba Asumini wamenyauka. Ilipofika zamu yao alasiri ile, wanawake walijipanga juu ya benchi kwa sare za kanga nyekundu, na aliyetoka mbele kuimbisha hakuwa kiongozi wao wa siku zote. Alikuwa Sabiha.

Mwamvua alifurahi. Hata alipiga kigelegele kwa ajili ya shoga yake, ingawa Bi Semeni, mkuu wa Waridi, alimkata jicho. Kisha wimbo ukaanza:

Shoga nipe siri yako, mlangoni una nani?
Wateka kwa kopo lako, wamwekea mtu gani?
Wenzio chetu kicheko, machozi yako ya nani?

Na kila ubeti ulipokwisha, Asumini wote waliitikia kwa pamoja: "Beee!"

Uwanja ulilipuka. Waliokwenda sinema wakaikumbuka picha mara moja, wakashikana mbavu. Hawakujua bado anayeimbwa ni nani. Lakini katika mashindano hayo mwenye kuimbwa hujitambulisha mwenyewe, na Mwamvua alikuwa amesimama na mikono kichwani kama aliyeletewa habari ya msiba. Jicho moja likamwona, jingine likafuata jicho, mpaka uwanja mzima ukawa unamtazama. Mwamvua alimtazama Sabiha tu. Sabiha alikuwa ametazama juu, shingo imenyooka, sauti yake nzuri kuliko siku zote.

"Tumjibu!" Bi Semeni alimshika bega. "Wewe una siri zake, mmekua pamoja. Nipe neno moja tu, nitalitia wimbo sasa hivi."

"Nakushika miguu, bibi, niache niende."

"Ukienda umekubali!"

Akaenda. Nyuma yake ile "Beee!" ilimfuata mpaka alipokata kona.

Asumini walishinda arusi ile, na Sabiha akavishwa taji la karatasi za dhahabu. Kwa siku kadhaa watoto wa mtaa waliweka makopo ya maji mbele ya mlango wa Mwamvua, wakakimbia. Aliyamwaga moja moja.

Sabiha alikuja mwenyewe, mchana, na sahani ya mikate ya kumimina iliyofunikwa kawa. Mwamvua hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Wakasimama mlangoni.

"Ilikuwa ngoma tu, mwenzangu," Sabiha alisema. "Ngoma haina ugomvi. Wenzangu chamani walinibana, wakasema sina neno la kuwapa. Na jina sikulitaja."

"Nataka kukuuliza moja. Siku ile ya picha uliniambia umeogopa. Uliogopa, au ulinidanganya?"

Sabiha aliinamisha kichwa, akaiweka sawa sahani.

"Niliogopa. Naogopa hata leo. Silali taa ikizimwa. Nilipowasikia wote wanacheka nikasema nami nicheke, labda itanitoka."

Mwamvua alitamani asingeuliza. Kama Sabiha angekuwa mjinga kama wale wengine, wenye kurusha bisi, angemwona mjinga, akamsamehe. Lakini huyu alikuwa ameelewa. Katika ukumbi ule mzima walioelewa walikuwa wawili, na mmoja amempeleka mwenzake uwanjani.

"Imekutoka?" akauliza.

"La."

"Basi chukua sahani yako."

Akafunga mlango.

Ijumaa Uweso alirudi kutoka shamba la mkonge alikokuwa karani, njia ya Horohoro. Habari alikwisha kuzipata njiani. Mwamvua alimwandalia maji ya kuoga na chakula, akangoja ugomvi. Aliona kama atarudishwa tena Kigombe, au kwao. Uweso alikula kidogo, akaosha mikono, akakaa akitazama kuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mazishi jina la mtoto halikupita mdomoni mwake.

"Mama Idarusi," alisema hatimaye. "Alikuwa akisemaje? Niambie. Mimi sikumsikia kamwe. Nilikuwa nalala macho nikimngoja, sikumsikia."

Mwamvua alimtazama mumewe. Hilo ndilo swali alilolililia kwa miaka minne. Alifungua kinywa amwambie habari za kitembe, na kiu, na yale maji, na kila neno alilolitafuta alilikuta limo katika wimbo. Kopo lilikuwa la Asumini. Mlango ulikuwa wa Asumini. Hata kuitika hakukuwa kwake tena.

"Sikumbuki," alisema, akaanza kutoa vyombo.