Kinubi Ndani, Nimia Nje

Nimia Benegas alinunua lile gari kwa sababu moja tu: kinubi chake kilikuwa kinaingia. Alikuwa amechoka kupanda nacho basi la Itauguá, kondakta akimnunia, abiria wakikiegemea na kukiwekea vikapu. Gari lilikuwa dogo, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Ukivilaza viti vya nyuma, kinubi kililala humo chali, kichwa kikatokeza katikati ya viti viwili vya mbele kama mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa.

Aliyemuuzia alikuwa shemeji yake Fulgencio, mume wa dada yake Rosalba, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimpigia gitaa kwenye shughuli alizoalikwa kupiga kinubi. Kwa hiyo siku ya kununua walicheka wote watatu na kula pamoja. Baada ya hapo Nimia hakucheka tena sana.

Gari lilikuwa limezeekea Japani, likashushwa bandarini Chile, likavushwa milima mpaka Paraguay, na mafundi wakauhamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Usukani waliuhamisha, waipa wakaziacha zilivyokuwa. Mvua ikinyesha, kioo cha upande wa abiria kilifutwa kikang'aa, na mbele ya dereva ikabaki pembe nzima ya maji, hivyo Nimia aliendesha akiwa amelalia bega la mwenzake. Kila akiwasha, sauti ya mwanamke ilimwambia jambo kwa Kijapani, kwa upole mno, kama nesi anayekuletea habari mbaya. Feni ya injini ilifanya kazi ilipojisikia. Mlango wa nyuma haukusimama wenyewe ukiufungua. Ilibidi uutegemeze kwa mpini wa fagio, na Nimia alikuwa na alama kwenye utosi za siku ambazo mpini uliteleza.

Kila alipolalamika, Fulgencio alimjibu kwamba ni kitu kidogo. Neno hilo lilikuwa limemkaa Nimia kooni kama mfupa. Feni ni kitu kidogo, breki kupiga kelele ni kitu kidogo, moshi ni kitu kidogo. Na hakuweza kupandisha sauti, maana jioni hiyohiyo Fulgencio angenuna nyumbani, na kesho yake Rosalba angempigia simu kumuuliza, kwa sauti ya kinyonge, mume wake amemkosea nini.

Kisha mlango wa nyuma ukaanza kufunguka wenyewe. Siku moja, kwenye matuta ya Ypacaraí, uliruka juu na kinubi kikateleza kikachungulia barabarani. Mwenye lori aliyekuwa nyuma akapiga honi mpaka Nimia akasimama. Jumatano Fulgencio alikuja na sanduku lake la vifaa, akalala chini ya mlango mchana kutwa, akanywa maji yote ya terere, ile chai baridi ya majani, yaliyokuwemo nyumbani, halafu akamwambia kwamba sasa hata tetemeko la ardhi halitaufungua.

Jumamosi walikuwa na harusi Piribebuy. Bibi harusi, Liz Mabel, alikuwa amejifunza kinubi kwa Nimia tangu miguu yake haifiki chini akikaa kwenye kiti, na alikuwa ameomba jambo moja: aingie uani kwa bibi yake, mbele ya watu wote, kwa kinubi cha mwalimu wake. Nimia alikuwa amemtungia wimbo. Hakumwambia mtu, hata Fulgencio alikuwa amefundishwa sehemu yake ya gitaa bila kuelezwa ni ya nini.

Waliondoka asubuhi. Walipoupanda mlima wa Caacupé, mshale wa joto ukapanda nao, na kabla ya kufika juu mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Wakasimama pembeni. Fulgencio alisema ni kitu kidogo. Walisubiri injini ipoe, wakiangalia mabasi yakipita, kisha akamimina kwenye rejeta maji yote ya chupa yao ya terere. Nimia, aliyekuwa na kiu tangu Ypacaraí, alimwangalia akiyamimina mpaka tone la mwisho.

Walifika Piribebuy wamechelewa, wingu limeshatanda. Wageni walikuwa wamekaa, padri alikuwa anaangalia saa. Nimia alizunguka nyuma ya gari, akashika mpini wa mlango, akavuta. Haukufunguka. Akavuta tena. Fulgencio akamsogeza taratibu, akavuta yeye, akausukuma kwa goti, akaupiga kwa kiganja hapa na pale kama daktari. Mlango ulikuwa kimya kama ukuta.

Unaweza kuufungua kwa ndani, alieleza, kuna kifuniko chenye skrubu. Lakini kitako cha kinubi kilikuwa kimekikalia kifuniko hicho. Walijaribu kukivuta kinubi mbele, kikagota kwenye dashibodi. Walijaribu kukitoa kwa mlango wa pembeni. Kichwa kilipita, mwili ukakataa. Wajomba wawili wa bwana harusi wakaja kusaidia, wakavua makoti, kila mmoja akiwa na maoni yake. Fulgencio aliomba waya. Akaletewa waya. Aliuchomeka kwenye tundu la loki, akafumba jicho moja, akaanza kupapasa humo ndani.

"Nipe muda kidogo, shemeji," alisema. "Ni kitu kidogo."

Liz Mabel alitoka mwenyewe mpaka barabarani, gauni la lesi ya ñandutí la bibi yake amelishika juu lisiguse udongo mwekundu. Aliwaangalia wanaume waliopanga mstari nyuma ya gari, kisha akamgeukia Nimia.

"Mwalimu, padri ana harusi nyingine Paraguarí. Anasema niingie hivihivi."

"Hivihivi vipi?"

"Kimya."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya paa la gari. Nimia alifungua mlango wa mbele, akalivuta vazi zito la poncho lililokuwa juu ya kiti, akajipenyeza hadi kiuno na kulitandaza juu ya kinubi, akalichomeka pande zote kama anayemfunika mgonjwa. Akatoka na spana ya magurudumu mkononi.

"Sogea, Fulgencio."

"Shemeji, kioo hicho hakipatikani nchi hii. Nisikilize."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Sogea."

Alisogea. Pigo la kwanza halikufanya kitu ila kumtia Nimia ganzi hadi begani. La pili lilikishusha kioo chote kwa mara moja, kikamwagika kama mahindi ghalani. Wajomba walikuwa wa kwanza kupata akili. Walipangusa ukingo kwa makoti yao, wakakitoa kinubi kwenye lile dirisha tupu kikiwa bado kimevaa poncho, na wakakibeba mbio hadi uani kama watu wanaoiba.

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Nimia alizikwepa. Mkono ulikuwa bado na ganzi ya lile pigo, na kwenye kipande cha kwanza alipotea kabisa, Fulgencio ikabidi arudie sehemu yake mpaka Nimia akamkuta. Mvua ilikuwa inaanza, watu walikuwa wanainua viti. Lakini Liz Mabel aliingia polepole, alikataa kuharakishwa, na alipokaribia kinubi alikuwa analia waziwazi, kwa sababu alikuwa ameujua wimbo ule ni wa nani ingawa hakuwahi kuusikia. Kwa muda huo mfupi Nimia alilisahau gari.

Hakulisahau zaidi ya hapo. Waliondoka alasiri, dirisha la nyuma limefungwa kwa mfuko wa plastiki, na kabla ya kutoka mjini mfuko ulikuwa umeshapasuka. Moshi uliingia. Mvua iliingia. Fulgencio alikaa na gitaa magotini, amenuna kama yeye ndiye aliyevunjiwa kioo. Walipofika Caacupé, kwenye wauza chipa, ile mikate ya jibini, alisema taratibu, akiangalia nje:

"Ule mlango haukuwahi kukaa sawa. Gari liligongwa nyuma kabla sijalinunua."

Nimia aliendelea kuendesha kidogo. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilifikiri nitalinyoosha kidogokidogo, wewe usitambue."

Nimia alitarajia hasira imjae, na ilikuwepo, lakini kilichomshika zaidi kilikuwa uchovu. Alikumbuka jinsi alivyojilaumu kwamba anaufunga mlango vibaya, jinsi alivyojifunza kuubamiza na kuubembeleza, na jinsi alivyomwomba radhi mtu huyu kwa kumsumbua. Akaegesha gari pembeni, akazima, akachomoa ufunguo na kuuweka juu ya gitaa.

"Gari ni lako," alisema. "Kinubi ni changu. Kifikishe nyumbani kikavu."

"Nimia, mvua hii. Rosalba ataniambia nini?"

"Mwambie ulichoniambia mimi."

Alinunua chipa kwa mama aliyekuwa amejifunika nailoni, akavuka barabara, akapanda basi la kwanza. Kupitia dirisha alimwona Fulgencio akivua koti na kulitandaza juu ya kinubi, kisha akavua na shati.

Rosalba alikuja kesho yake. Hakuuliza kwa sauti ya kinyonge safari hii. Alikaa jikoni, akasema mume wake ana mafua na fedha za gari zilishaingia kwenye paa la nyumba, hakuna wa kuzirudisha, na kwa hiyo yeye ameamua: gari litakaa kwao, matengenezo yote juu ya Fulgencio, na kila Jumamosi atakisafirisha kinubi popote Nimia atakapoitwa, mpaka gari life au yeye.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Nimia huenda kwa basi, mikono mitupu, na hufika kwa wakati. Kisha husimama langoni kwa watu wasiomfahamu, gauni limepigwa pasi, akiwaambia wenye shughuli kwamba kinubi kiko njiani, na kila gari likikata kona huko chini hunyoosha shingo, halafu huirudisha.