Pembe Zilizonyolewa

Mtu akishuka gatini na kuingia mtaa huu kwa mara ya kwanza, hujiuliza nani alizila pembe za nyumba. Kila kichochoro kinapokata kona, ukuta umenyolewa kuanzia chini hadi kifuani pa mtu mzima, ukalainishwa kwa chokaa, kisha juu yake nyumba inaendelea na pembe yake kali kama kawaida. Wageni hudhani ni uchakavu. Ole wako umwambie hivyo Timazi. Utasimama hapo hapo mpaka miguu ife ganzi, maana lazima usimuliwe.

Timazi ni mwashi. Jina hilo alibandikwa na mtaa kwa sababu ya ule uzi wa mafundi wenye kipande cha risasi nchani, unaousema ukuta ukiwa umeinama hata kama mwenye nyumba hataki kusikia. Naye ndivyo alivyo. Akiona jambo limekwenda upande, liwe lake au la jirani, atalisema, na hatangoja aulizwe. Ufundi aliurithi kwa baba yake, na marehemu baba yake ndiye aliyezikata zile pembe.

Siku hiyo mgeni alikuwa ofisa wa afya kutoka ng'ambo, kijana mpole ambaye mtaa ulishampa jina la Bwana Afya kabla hajamaliza kushuka kwenye pantoni. Alikuja na kitanda cha wagonjwa, kipya, cha chuma, chenye magurudumu na mahali pa mtungi wa hewa. Neno lake lilikuwa fupi. Zahanati yoyote ya visiwani isiyoweza kumtoa mgonjwa mlangoni mwake na kumfikisha gatini juu ya kitanda cha namna ile ingefungwa, na watu wake wakatibiwe ng'ambo. Na ng'ambo si karibu. Bahari ikichafuka, pantoni haitoki, hata ulie machozi ya damu.

Watu waliposikia walishika vichwa. Timazi alicheka.

"Watufunge sisi? Kwa kitanda? Mtaa mzima huu umekatwa kwa ajili ya kitanda!"

Wiki iliyotangulia, zahanati ilipoletewa vipimo vya kitanda, alikuwa amezunguka na nesi, wakapima pembe baada ya pembe kwa futi kamba, na zote zikatosha. Basi asubuhi hiyo akajiteua mwenyeji bila kuteuliwa na mtu. Akatangulia mbele, kanga kiunoni, vumbi la chokaa bado kwenye nyusi. Nyuma yake mwokaji wa mkate, mtu mzito mwenye mikono kama magogo, alisukuma kitanda pamoja na wenzake watatu, wale wale ambao siku zote hubeba machela ya mtaa. Bwana Afya na nesi walifuata.

"Hapa ni posta," Timazi alisema. "Ndogo, lakini barua haijapotea hata moja. Pale bombani. Bomba hilo lilikuwa la kwanza, wakati ng'ambo kwenu bado mnachota visimani."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa, Fundi," Bwana Afya alijitetea.

"Ndiyo maana nakwambia."

Walipofika kwenye pembe ya posta, alisimama, akaweka kiganja juu ya ukuta.

"Palianzia hapa. Mama yake huyu mwokaji alishikwa na uchungu, mtoto hatoki. Wakambeba kwa machela waiwahi boti. Machela ikakwama hapa, haipindi. Ikabidi warudi nyuma, wazungukie bombani. Mtoto unamwona, huyo anakusukumia kitanda. Mama hakufika."

Mwokaji aliinamisha kichwa, kama afanyavyo kila hadithi hiyo ifikapo kwake.

"Walipotoka kuzika, baba alichukua nyundo na tindo, akaja kuikata pembe ya posta. Jengo la serikali, na kibali hana."

"Mkuu wa posta alisemaje?"

"Alimletea maji ya kunywa. Kesho yake jirani akasema, njoo kwangu. Keshokutwa mwingine. Kuna aliyepunguza duka, kuna aliyepunguza jiko. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyelipwa. Ndio mtaa wetu huu."

Bwana Afya alipapasa ukuta. Kitanda kilipinda pembe ya posta bila kugusa. Kikapinda kwa kinyozi, kikapinda kwa mshona viatu, na kila kilipopinda, watu waliosimama milangoni walitikisa vichwa kwa kuridhika, kama wazazi wanaomwangalia mtoto akisoma mbele za watu. Timazi alihisi kifua kinamjaa. Alitamani baba yake angekuwepo, ingawa angekuwepo angemwambia apunguze maneno.

Ikabaki kona moja tu kabla ya gati. Kitanda kikaingia nusu, kikalia kwaa, kikasimama.

Mwokaji alikivuta nyuma, akajaribu upya. Kwaa. Akakilaza upande huu, akakirudisha upande ule. Chuma kilikuwa kimeegemea pembe ya ukuta, pembe kali, nzima, ambayo haikuwahi kuguswa na tindo.

Ilikuwa nyumba ya Timazi.

Mwokaji alijikuna shingo.

"Hapa huwa tunanyanyua," alisema taratibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Machela ya turubai ni nyepesi. Tangu zamani, wachukuzi wakifika kwa Fundi, bila kuambizana, waliipandisha mabegani upande mmoja ili ifupike, wakavuka, wakaishusha. Baba zao walifanya hivyo, nao wakafanya hivyo, mpaka mabega yakazoea na macho yakasahau. Hata Timazi mwenyewe, aliyepima mtaa mzima kwa futi kamba, aliipita pembe yake kila siku akienda kupima za watu.

"Kinyozi hajinyoi," sauti ya mtu ilisema dirishani, na watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Timazi alitamani ardhi ipasuke immeze. Wanaume wanne walijaribu kukinyanyua kitanda, kikapanda hadi magotini, kikawashinda. Bwana Afya aliangalia upande wa bahari.

"Pantoni yangu inaondoka alasiri," alisema. "Nitaandika nitakachokuwa nimekiona mpaka wakati huo. Samahani, Fundi. Sina namna nyingine."

Timazi aliingia ndani. Nyuma ya pembe ile ndipo kilipokuwa chumba cha mama yake, chumba kidogo cha kitanda kimoja na kiti kimoja, na kitanda chenyewe kichwa kilikaa pale pale penye pembe. Mama huyo, Bibi kwa mtaa mzima, alikuwa ameketi juu yake, miguu inaning'inia. Alikuwa amesikia yote. Ukuta haukumzuilia kitu.

"Mama, baba alisahau vipi kukata hapa?"

"Hakusahau."

"Mtaa mzima, Mama. Kasoro kwake."

"Hakusahau, nakwambia. Alikuja na nyundo yake. Nilisimama mlangoni, nikamwambia, hii huigusi."

Timazi alikaa kwenye kiti. Mama yake alizungumza bila haraka, huku akikunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Alikuwa akitoka alfajiri anarudi vumbi tupu. Huyu kaniita, yule kaniita. Watu wakimsifu njiani, na mimi nikisifiwa kwa kuwa mke wake. Nyumbani akifika amechoka hata kula hawezi. Mikono yake, nguvu zake, usingizi wake, vyote vya mtaa. Nikasema, lazima nibaki na kitu kimoja ambacho hakuwapa watu. Nikabaki na pembe. Akacheka. Akaniambia, sawa, yako hiyo. Hakuniuliza tena mpaka anakufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, na wewe unatembea ukijisifia pembe? Nilikuwa hata sipendi kuziangalia. Nikienda bombani, napita nimeinamisha macho."

Timazi aliusikia uchungu wa mama yake kama jambo jipya kabisa ndani ya nyumba aliyozaliwa humo. Alikuwa tayari kutoka nje na kumwambia Bwana Afya aandike alichokiona.

"Nisogezee kitanda," Bibi alisema.

"Mama, si lazima."

"Nimekaa nayo miaka yote hiyo, inanitosha. Sogeza kitanda, kichwa kiangalie mlango. Halafu ukate. Na ukate vizuri, usinitie aibu."

Timazi alitoka na nyundo na tindo, macho mekundu, na hakuna aliyethubutu kumtania. Mshona viatu alileta magogo, wakaegemeza ukuta wa juu. Kisha Timazi akapiga. Jiwe la zamani lilishikamana na chokaa yake kama ndugu waliogombania urithi, halikutaka kuachia. Mwokaji alizoa kifusi kwa karai. Nesi alifagia. Bwana Afya alivua koti, akashika ndoo ya maji, akamwaga maji vumbi litulie, na viatu vyake vya ofisini vikageuka vyeupe. Watu walioanza kwa kucheka waliishia kupokezana mawe. Jua lilipogeuka, pembe ilikuwa imelala, mbichi, bado haijalainishwa, lakini imetosha.

"Tunahitaji mtu alale juu yake," Bwana Afya alisema. "Kitanda kitupu hakithibitishi kitu."

Kabla mtu hajajitokeza, Bibi alikuwa mlangoni na kanga safi begani.

"Pembe ni yangu. Nani mwingine atalala hapo?"

Mwokaji alimpakata kama mkate unaotoka tanurini, akamlaza. Wakarudisha kitanda nyuma, wakakisukuma tena kuelekea pembe. Walipoifikia, wachukuzi wote wanne wakapinda magoti kwa pamoja, mabega yakajiandaa kunyanyua.

"Msininyanyue," Bibi alisema. "Sukumeni tu."

Wakasukuma. Kitanda kikapinda, kikapita, kikatokea upande wa bahari, na Bwana Afya akatoa kalamu akaandika pale pale, amesimama, bila kungoja pantoni. Mtaa ulipiga vigelegele mpaka nahodha akachungulia kujua kuna nini. Timazi alisimama kando ya kifusi chake. Alijivunia baba yake kama siku zote, lakini sasa macho yalikuwa kwa mama.

Bibi hakutaka kushuka. Alijiegemeza kwenye mto, akatazama kichochoro walichotoka.

"Nirudisheni kwa njia hiyo hiyo," alimwambia mwokaji. "Polepole. Kwa mshona viatu, kwa kinyozi, mpaka posta. Nataka kuziona zote alizozikata."