Themanini ya Taratibu

Barua ilikuwa mkobani, imekunjwa mara tatu, na nafasi ya jina ilikuwa bado wazi. Mkuu wa bohari alikuwa amempa Mama Kalamu hadi Ijumaa: alete jina la mtu anayeiba dizeli ya gari la chanjo, ili mtu huyo afukuzwe kazi. Na jina lililomkaa Mama Kalamu kooni lilikuwa la mume wa mdogo wake.

Mama Kalamu alikuwa msimamizi wa magari. Jina hilo alipewa na madereva, kwa sababu hakuna lita iliyotoka kwenye tangi la bohari bila yeye kuiandika. Shemeji yake huyo, haohao madereva walimwita Taratibu. Aliendesha lile gari refu la njia mbovu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, akipeleka masanduku ya baridi hadi kituo cha afya cha mwisho, ng'ambo ya mto. Kwa miaka sita hakuwahi kuupitisha mshale wa spidi themanini. Wenzake walimtania kwamba siku ya harusi yake bibi arusi alitangulia kufika nyumbani akapika kabisa.

Kilichomsumbua Mama Kalamu ni kitabu cha safari. Zamani, kwenda na kurudi, mita ya gari ilisoma kilomita mia nne, na dizeli ilikuwa lita arobaini na nane. Miezi mitatu hii mita ilisoma kilomita mia tatu na sitini na nne, na dizeli lita hamsini na sita. Njia imepungua, mafuta yameongezeka. Aliisoma mistari hiyo kama mtu anayesoma ujumbe kwenye simu ya mumewe.

Fundi alilipima gari, hakuona tatizo. Hakuna bomba linalovuja. Hata tairi zilikuwa mpya, kubwa, zenye meno ya kung'ata matope, na aliyeziidhinisha ni yeye mwenyewe. Basi kilichobaki ni mtu. Huyu haendi mpaka mwisho, aliwaza. Anageuzia njiani, anamimina dizeli kwa mtu, chanjo anamwachia mwingine amalizie. Kweli sahihi ya muuguzi wa kule ilikuwapo kila safari, lakini sahihi ni wino tu.

Jumatano asubuhi alifungua mlango wa gari akapanda bila kuaga.

"Shemeji!" Taratibu alishangaa. "Leo kitabu kimekuja na mwenyewe?"

"Nataka kuona barabara."

"Barabara ipo palepale. Haijahama."

Alicheka, lakini hakumtazama usoni. Mama Kalamu aliliandika hilo kichwani. Aliandika pia kwamba nyuma ya kiti kulikuwa na dumu lililofunikwa kitambaa.

Kwenye lami mshale ulipanda hadi themanini ukatulia. Basi moja liliwapita likipiga honi, kondakta akiwapungia mkono kama anayeaga wagonjwa.

"Unawaachia tu?" Mama Kalamu aliuliza.

"Wakimbie. Shemeji, gari hili ni kabati. Kabati ukilisukuma polepole, upepo unakupisha. Ukilikimbiza, upepo unakukamata shati, na kila hatua unailipia kwa dizeli. Themanini inatosha."

Anayajua mafuta vizuri mno, Mama Kalamu aliwaza. Anayejua yanavyopotea anajua pia pa kuyapoteza.

Waliposimama kupoza injini, alisubiri Taratibu aende kichakani. Akafunua kitambaa, akafungua dumu, akainama kunusa. Halikunuka chochote. Alichovya kidole.

"Unataka kunawa?" Taratibu alikuwa nyuma yake. "Ungesema tu. Maji hayo nayafunika, jua lisiyachemshe."

"Nilidhani..." Hakumalizia. Taratibu alichukua kifuniko mkononi mwake akakifunga mwenyewe, akakikaza zaidi ya ilivyohitajika.

Walivuka mto, wakapanda mlima, wakafika. Muuguzi alitoka mbio akifuta mikono. "Taratibu wetu! Saa zako hazikosei hata siku moja." Alihesabu chupa za chanjo, akatia sahihi. Ilikuwa ileile ya kitabuni, yenye mkia uliopinda.

Mama Kalamu alirudi garini akatazama mita. Kilomita mia moja na themanini na mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti hiki tangu bohari. Hawakupita njia ya mkato, hawakugeuza popote. Na njia ni mia mbili. Hata nguzo za barabarani zilisema hivyo. Basi kama dereva hakudanganya, anayedanganya ni nani?

Wakati wa kurudi, walipoifikia lami, alivua saa akaishika mkononi. Kila kilomita kulikuwa na nguzo nyeupe. Kwa themanini, nguzo hadi nguzo ni sekunde arobaini na tano. Alihesabu arobaini na moja. Akarudia. Arobaini na moja tena, na mshale haujatikisika.

"Unahesabu nini, shemeji?"

Mama Kalamu alipiga hesabu kichwani. "Punguza. Weka sabini na tatu."

"Sabini na tatu! Watanizika nikiwa njiani."

"Weka tu."

Nguzo ikaja kwa sekunde arobaini na tano kamili.

"Simamisha gari," alisema kwa sauti ndogo.

Alichuchumaa penye gurudumu, akasoma namba ubavuni mwa tairi. Kisha akasoma kibandiko kwenye fremu ya mlango. Hazikulingana hata kidogo. Akakumbuka: saizi ya gari hili ilikuwa imekwisha stoo, mvua zikianza. Fundi aliuliza, "Mama, hizi ni kubwa, nifunge?" Naye, kalamu mkononi, akajibu, "Funga, gari lisilale kwa ajili ya tairi."

Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa njia ileile. Mita ikazihesabu kilomita pungufu, na mshale ukasema themanini huku gari likienda karibu tisini. Kwa miezi mitatu Taratibu alikuwa anakimbia bila kujua, upepo umemshika shati.

Alimweleza akiwa bado amechuchumaa. Taratibu alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulipanda kunikamata."

"Ndiyo."

"Mdogo wako anajua?"

"Hapana."

Taratibu alipiga teke tairi. "Na mimi nilikuwa nashangaa siku hizi nafika mapema. Nilidhani nimekuwa hodari."

Walirudi kwa sabini na tatu. Bohari walijaza tangi hadi mdomoni: lita hamsini na mbili, katikati kabisa ya arobaini na nane na hamsini na sita.

"Unaona," alisema Taratibu. "Kwenda mwizi, kurudi mwema."

Mama Kalamu hakucheka. Alitoa barua mkobani, akaikunjua juu ya boneti. Penye nafasi ya jina aliandika la kwake, na chini yake namba mbili za tairi. Mkuu hakuwa mtu wa kusamehe.

Taratibu alisoma akiwa begani kwake.

"Ijumaa tutaingia wote," alisema. "Mimi ndiye niliyeendesha." Kisha akafungua mlango wa nyuma, akalifunika dumu vizuri kwa kitambaa. "Na hili naliacha hapahapa, shemeji. Ukija tena usikose cha kufunua."