Kayaki ya Jory

Verlin Haskett aliposema anataka kujifunza kuvua samoni kwa kayaki, watu wa gatini katika mji mdogo wa Port Orford walidhani msiba umemgusa akili. Hawakumlaumu. Mtu aliyeendesha malori ya magogo maisha yake yote, magoti yameliwa na klachi, ambaye bahari anaisikia akiwa kitandani na hajawahi kuiingia kupita vifundo vya miguu, leo anataka kukalia kipande cha plastiki katikati ya maji yenye baridi ya kukata pumzi?

Lakini kayaki ilikuwa ya mwanawe, Jory. Na Jory alikuwa amekufa Februari, gari lake lilipoacha barabara kwenye mvua na kujibamiza kwenye msonobari. Alikuwa peke yake. Mama yake, Noreen, aliyeachana na Verlin tangu mtoto yuko shule ya msingi, alikuja kutoka Idaho, akazika, akarudi Idaho. Verlin akabaki na ile kayaki ya kijani ikining'inia bandani, magamba makavu ya samaki yangali yameganda ubavuni.

Miaka yote Jory alikuwa akimwambia, "Twende siku moja tu, baba." Na miaka yote Verlin alimjibu kwamba akitaka kufa maji atafia kwenye beseni lake la kuogea, maji ya moto, redio ikiimba. Ulikuwa mzaha wao. Verlin ndiye aliyecheka zaidi.

Mwezi Mei alimfuata Shelby Cutright, mchumba wa Jory, kazini kwake. Pale Port Orford mashua haziegeshwi majini. Huinuliwa na winchi zikalazwa juu ya gati kwenye vigari vya magurudumu, na Shelby ndiye aliyekuwa mwendesha winchi. Alikuwa msichana mpana wa mabega, mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa amevua na Jory misimu minne.

"Nifundishe," Verlin akamwambia.

"Nikufundishe nini, mzee?"

"Alichokuwa anafanya yule."

Shelby akazima mashine. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua.

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo kama mbwa au kidogo kama jiwe?"

"Katikati hapo."

Somo la kwanza halikuwa la bahari wala la samaki. Shelby alimpeleka kwenye ziwa la Floras, akamvika vazi la mpira lisilopitisha maji na jaketi la kujiokolea, akamkalisha kwenye kayaki, akaisukuma mpaka kina cha kifua. Kisha, bila kumpa taarifa, akaipindua.

Verlin aliibuka akitema maji na matusi.

"Una wazimu wewe?"

"Leo hatuvui, mzee. Leo tunaanguka. Panda tena."

Alipanda kama ng'ombe anayepanda ngazi. Akateleza, akapanda tena, akaangukia upande wa pili. Shelby alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakumwacha atoke majini mpaka alipoweza kujirudisha mwenyewe, tumbo kwanza, halafu makalio, halafu miguu. "Huko nje hakuna wa kukuvuta," alimwambia. "Na kamwe usiende peke yako. Hilo sikutanii."

Walirudi ziwani tena na tena, hadi Verlin akaacha kung'ang'ania kingo kila kayaki ilipoyumba. Ndipo wakaanza bahari, alfajiri, kabla upepo haujaamka, wakitokea kwenye ufuo mdogo ulio chini ya gati. Shelby alimfundisha kufunga kila kitu kwa kamba, kuanzia kafi hadi kisu, kwa sababu bahari hairudishi. Alimfundisha kumtoboa samaki mdogo wa chambo kwa ndoana mbili ili akivutwa azunguke kama mlevi anayecheza. Alimfundisha kushusha chubwi, lile risasi la kuzamisha chambo, huku akiuhesabu mshipi kwa mikono, kupiga kafi polepole na kuitazama ncha ya fimbo ya kuvulia. Zaidi ya yote, alimfundisha kutulia.

"Akigusa usimvute. Mwache kwanza achukue, fimbo ijikunje yenyewe."

Samaki wa kwanza aligusa, Verlin akavuta kwa nguvu zake zote, chambo kikamrukia usoni.

"Hiyo siyo breki ya mkono, mzee!"

"Sawa, mkwe. Nimesikia."

Alikuwa amezoea kumwita hivyo. Mkwe lete chai, mkwe angalia ukungu ule. Kila alipomwita, Shelby alikuwa na kitu cha kurekebisha, fundo au mkanda wa jaketi. Verlin aliona ni majonzi, akazidi kumwita, akidhani anamfariji. Baada ya kuvua walikunywa chai ya chupa wakiwa wameketi mchangani, naye alimuuliza habari za Jory: alivua wapi, alipenda kula nini baharini, aliimba? Shelby alijibu yote. Jory aliimba, tena vibaya.

Katikati ya Julai Verlin alinasa samoni kwa mara ya kwanza. Fimbo ilijikunja, naye akasubiri, akasubiri tena, kisha akaiinua taratibu. Mshipi ukapiga kelele ukikimbia. "Mwelekezee pua ya kayaki!" Shelby alipiga ukelele akija kwa kasi. "Asikae ubavuni, atakupindua! Mwache aende! Sasa zungusha! Zungusha, mzee!" Verlin alizungusha gurudumu la mshipi mpaka misuli ikawaka moto. Akamwona samaki chini, mng'ao wa fedha ukigeuka ndani ya maji ya kijani, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Akachukua wavu.

Maji yakapasuka. Simba-bahari, kichwa kikubwa cheusi chenye masharubu, akaibuka kati ya wavu na samaki, akauma mara moja, akazama. Verlin akavuta mshipi ulioishiwa uzito, na mwishoni kulikuwa na kichwa cha samoni, mdomo wazi, kama kimeshangaa kuliko yeye.

Kisha Verlin akaanza kucheka. Hakuwa amecheka tangu Februari, na kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikamkaba, kikamtoa machozi. Shelby naye akaangua. Kayaki zao mbili ziligongana zikiyumba.

"Jory angekufa kwa kicheko," Verlin alisema akipangusa macho. "Angesimulia kisa hiki mpaka kwenye harusi yenu, mbele ya wageni."

Kicheko cha Shelby kikakatika. Akalaza kafi mapajani.

"Mzee. Hapakuwa na harusi."

"Najua. Nasema kama angekuwepo..."

"Hata kama angekuwepo. Tuliachana kabla ya Krismasi."

Verlin alibaki ameshika kile kichwa cha samaki.

"Nilimwambia aondoke," Shelby akaendelea, macho yake yakiwa majini. "Tulikuwa tunagombana kila siku, nikachoka. Akatoka na nguo zake. Alikuwa analala ndani ya gari."

"Majira yale ya baridi?"

"Ndiyo."

"Nina chumba chake kitupu nyumbani. Mbona hakuja?"

"Nilimwambia aje kwako. Akasema hapana, utamtania. Akasema, kwa baba kila kitu ni mzaha, na hili siwezi kulicheka."

Verlin alihisi kitu kinashuka kifuani mwake kama chubwi, bila kufika chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfukuza," alisema. "Na miezi yote hii nakuita mkwe, wewe unaitika tu."

"Sijawahi kuitika, mzee."

"Ulikaa mbele kwenye mazishi!"

"Ulinishika mkono ukaniketisha. Ningekuambia nini pale? Kwamba si pangu?" Sauti yake ikakwaruza. "Nilimpenda. Usidhani sikumpenda."

Verlin alikitupa kile kichwa, akageuza kayaki, akapiga kafi kuelekea ufuoni bila kutazama nyuma. Hakumsubiri, hakumsaidia kubeba kayaki yake. Aliipakia ya Jory garini, akaondoka akiwa bado na vazi la mpira mwilini, na watu wa gatini waliona maji yakidondoka mlangoni mwa gari.

Hakurudi. Wiki zikapita. Alikaa nyumbani kwake Langlois, kijiji jirani, akigeuza maneno yale. Asubuhi moja alifungua chumba cha Jory, akatandika kitanda upya kwa shuka safi, akaketi juu yake. Hakujua amefanya hivyo kwa ajili ya nani.

Mwishoni mwa Agosti alikwenda baharini peke yake. Alijua amekatazwa. Hakuna aliyemwona akishuka, kwa sababu ukungu ulikuwa mzito. Ulipoinuka alikuwa ameshafika mbali, nje ya miamba.

Samoni alichukua chambo bila haraka. Safari hii Verlin hakukosea kitu. Alimwacha akunje fimbo, akampa mshipi alipotaka kukimbia, akamgeuzia pua ya kayaki alipokata kushoto, akamsogeza kidogo kidogo huku akitazama kila upande kama kuna kichwa cheusi. Akamwingiza wavuni, kichwa kwanza. Akampiga rungu, akamkata matamvua, akamwacha atoe damu majini. Alikuwa samoni mkubwa kabisa, mgongo mweusi wenye madoa, mzito kiasi kwamba kayaki iliinama.

"Umeona?" akasema.

Alilisema kwa sauti, amegeuza shingo kabisa, kama mtu anayemwonyesha aliye nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na maji. Ndipo akalia, na hakuweza hata kujifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa damu na utelezi.

Alipofika ufuoni Shelby alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, buti zimejaa.

"Nilikuambia nini? Nilikuambia nini mimi?" Alikuwa anapiga kelele hadi wavuvi juu ya gati wakainama kutazama. "Nimeiona ile kayaki ya kijani huko nje ukungu ulipoinuka, nimekodoa macho tangu saa hizo, nimeshindwa hata kwenda chooni! Mzima wewe? Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi nitakuumiza mimi!"

Akashika pua ya kayaki, wakaivuta pamoja. Alimwona samaki, akamgusa ubavu kwa kiganja. Verlin alichomoa kisu akampasua samaki pale pale juu ya jiwe, ovyo, kama mtu ambaye hajui mifupa inapita wapi. Shelby akamnyang'anya kisu akaendelea yeye.

"Usiku ule wa ajali," Verlin akasema, "gari lilikuwa linaelekea kaskazini. Langlois iko kaskazini."

"Najua."

"Alikuwa anakuja kwangu?"

Kisu kikasimama.

"Sijui."

"Niambie tu ndiyo, Shelby."

"Naweza kukuambia ndiyo." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. "Lakini sijui, mzee. Kaskazini kuna njia nyingi. Nami pia kila siku najiuliza."

Verlin alichukua nusu ya samaki, akaifunga kwenye gazeti, akampa. Shelby akapokea kwa mikono miwili. Akamwambia kuwa amepata kazi katika mji wa Astoria na mwezi Oktoba atahama. Alisema pia kwamba kabla ya hapo kuna Jumamosi kadhaa, kama bado anataka kuvua. Verlin alisema atafikiria. Shelby alimkumbatia, samaki akiwa katikati yao, kisha akapanda kurudi kwenye winchi, maana mashua ilikuwa inasubiri.

Jioni hiyo Verlin alimkaanga samaki kwa siagi, akampigia Noreen simu Idaho. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi.

"Nimevua samoni," akamwambia.

"Wewe?" Noreen akacheka bila kutaka. "Majini? Wewe Verlin?"

"Kwa kayaki ya mtoto."

Kicheko kikageuka kilio. Alipopata pumzi, Noreen aliuliza kwa sauti ndogo, "Kuna kitu nimetaka kukuuliza siku nyingi. Mwisho mwisho huko, alikuwa na raha? Akiwa na yule binti, kwenye nyumba yao. Alikuwa sawa?"

Mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni mwa kikaango. Verlin alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa sawa," akasema. "Alikuwa na raha."

"Asante Mungu," Noreen alisema, akalia tena, safari hii taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Verlin alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Noreen akapenga kamasi, akamuuliza samaki ana ladha gani.

"Bado sijamwonja," Verlin akajibu.