Darasa Bila Kukanyaga Shamba

Shirika lilitaka kujua jambo moja tu: wakulima wa ndizi wa Mitunguu watashika zaidi kwa darasa la laivu kwenye simu, au kwa video za kutazama mtu akipata nafasi? Mwalimu Kinya alipewa laivu, rafiki yake Gatakaa akapewa video. Wakulima kumi na wawili kila upande, wiki sita. Ambaye kundi lake lingeshinda angeajiriwa ofisini Makutano, na Kinya aliitaka kazi hiyo kufa kupona. Sharti lilikuwa moja: hakuna mwalimu kukanyaga shamba la mwanafunzi.

Basi Kinya wa watu akalishika sharti kama amri ya kumi na moja. Mtandao ukakatika, bando zikaisha, nyuso zikaganda kwenye kioo, naye akipiga kelele "Mnanisikia?" mpaka koo likamkauka. Hata kwa mama yake, Celina, aliyewekwa kundi la Gatakaa, hakupita wiki zote hizo.

Siku ya mtihani kila mkulima alipewa kisu na chipukizi la mgomba. Likwangue mpaka liwe jeupe, fukusi, wadudu watobozi wa mgomba, wakose pa kujificha, kisha lichovye kwenye maji moto. Kwa Kinya walipita wanne. Kwa Gatakaa, kumi na mmoja! Kinya akamkumbatia rafiki yake na kumpongeza kwa moyo mweupe. Jamani, mweupe kabisa.

Jioni akaenda kwa mama. "Kumbe video zimekusaidia."

"Video gani? Si simu yangu ilipasuka kioo Krismasi?" Celina akammiminia uji. "Gatakaa alikuwa anakuja kila Jumamosi. Ananishika mkono na kisu, tunakwangua pamoja. Alizunguka kwetu sote."

Kinya akamkazia macho. "Na hukuniambia, mama?"

"Alisema mmepanga naye. Ila nisitaje kwa simu, ofisi inasikiliza."

Rafiki wa tangu darasa la tatu! Amemuuza, tena amemtumia mama yake mzazi kumfichia. Kinya alitamani kulia, hasira ikamzuia.

Celina hakuona. "Sasa ananiambia amepata kazi, hatakuja tena. Somo la mbolea lililobaki nani atanionyesha?"

Kinya akaweka kikombe chini, uji haujaguswa.

"Watakutumia video, mama."