Marashi Siku ya Kukaanga Kakao

Mimi si mtu wa kuvumilia upuuzi, na mume wangu anajua. Tangu tuoane, chumba chake cha kukaangia kakao kilikuwa marufuku kwangu. Kakao inavuta harufu ya chochote kilicho karibu: kitunguu, sabuni, hata marashi ya mtu. Na yeye alijua kwa pua yake tu kwamba mbegu zimeiva. "Toka, mama, utaniharibia chokoleti," ndiyo salamu niliyopewa mlangoni.

Halafu akaugua mafua makali, akapona, akabadilika. "Mke wangu, njoo ukae nami ninapokaanga." Jamani! Nikawekewa kiti cha plastiki kando ya mashine, yeye ananikodolea macho usoni, mimi naona haya kama msichana. Nikawaringia wifi zangu wee, mpaka wakanichoka.

Msimu huu kaka yake alituletea magunia ya kakao yake bora. "Ndiyo mavuno yangu yote, mdogo wangu. Usiniangushe." Siku ya kuikaanga nikasema leo nami nipendeze. Nikajimwagia marashi shingoni na mikononi mpaka paka akapiga chafya. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikasubiri kufukuzwa.

"Umependeza," akasema. "Kaa."

Moyo ukanilipuka paa! Nikamsogezea mkono puani. "Nanukia nini?"

"Unanukia... vizuri."

"Tangu lini husikii harufu, wewe mwanamume?"

Akaketi juu ya gunia. "Tangu yale mafua. Mbegu zikiiva, unafumba macho kidogo na kutabasamu. Hapo ndipo ninapozima."

Hasira zikanipanda! Kumbe muda wote ule nilidhani napendwa, na mimi ni kipimo tu, kama mizani. Nikamwaga yote yaliyokuwa kifuani. Alikuwa ameshika mbegu kiganjani, anazinusa, anazinusa tena, machozi yanamtoka.

"Nikiziunguza hizi, kaka amepoteza msimu mzima," akasema. "Nikimwambia, atazipeleka kwa mwingine. Na mimi sina kazi nyingine ninayoiweza."

Nilimwonea huruma mpaka nikazidi kukasirika. Nikaenda kuoga. Nikajisugua mpaka ngozi ikawaka, nikavaa gauni la kufulia, nikarudi.

"Mimina. Na usinitazame usoni, nitasema mwenyewe."

Mashine ikazunguka. Kwanza ikaja harufu ya siki. Nikamwambia. Baadaye mkate, nikamwambia. Kisha utamu mzito ukapanda ghafla ukajaa chumbani.

"Zima! Zima sasa hivi!"

Tukapepeta maganda, tukasaga na sukari, tukamimina kwenye vyano igande. Kaka yake alipoonja kipande cha kwanza, akanyoosha mkono kuomba kingine. Tukamwambia ukweli akiwa bado anatafuna. Shemeji akanitazama, akamtazama mdogo wake, akacheka. "Basi pua imehama tu, haijatoka nyumbani. Msimu ujao nawaletea tena."

Kesho yake mashine ilikuwa baridi, magunia tumeshayakung'uta na kuyakunja. Nikamsikia ananiita kutoka chumba kile kile.

"Njoo ukae."

"Leo hakuna cha kunusa."

"Najua. Ila ujipake yale marashi yako."

"Si husikii harufu, wewe?"

"Utanieleza yananukiaje."