Wa Mwisho Akifika

...na bado hajafika, kofia yake nyekundu inachomoza kule chini kwenye kona ya njia, inamezwa na misonobari, inachomoza tena palepale au karibu na palepale, na Lorna Tveit ameketi juu ya gogo, mkate wa siagi ya karanga mkononi, ameketi, jambo ambalo mwaka wake wa kwanza katika klabu hii hakulifanya hata Jumamosi moja, maana sheria ilikuwa hii hii ya leo, kundi linapumzika mpaka wa mwisho afike, wa mwisho akifika kundi linasimama, na wa mwisho siku zote alikuwa yeye... aliwasikia kabla ya kuwaona, vicheko, harufu ya kahawa ikishuka njiani, anajikaza, anaitafuta ile kona ya mwisho, na akitokeza tu Wendell Strand anapiga makofi, "Haya, mama kafika! Twende, jamani!" na mikoba inapanda mabegani, vifuniko vinafungwa, wao wamepoa, yeye moyo unamgonga masikioni, basi anaifuata ile migongo, alijifunza kula huku anatembea, kunywa huku anatembea, kulia huku anatembea, kwa sababu aliye nyuma ya wote haonekani uso, ndiyo faida pekee aliyoipata... "Lorna, tugande hapa au tushuke tumbebe?" anauliza Dwight, karanga tele mdomoni, Dwight fundi bomba, hana Jumamosi bila mzaha, na Renata anamkata, "Mwache mzee wa watu, na wewe utafika huko," "Huko wapi, kona ya tatu?" wanacheka, Lorna naye anacheka, kidogo, kiongozi hachekei mtu sana, na kiongozi sasa ni yeye, Wendell mwenyewe ndiye aliyemkabidhi msafara goti lilipoanza kumsumbua, Wendell aliyeianzisha klabu, aliyeitunga sheria, na ambaye leo ni wa mwisho... leo, siku ya kupimwa, watakaofika juu bila shida ndio watakaofungwa kwenye kamba moja ya kupandia Julai kwenye mlima mkubwa, wengine watabaki mjini wakiutazama dirishani, na mzee ameomba, alipiga simu katikati ya wiki, sauti ndogo, Lorna hakuijua mwanzoni, "Lorna, mwanangu, mwaka huu tu, halafu natundika buti," naye akamjibu, "Tutaona Jumamosi, mzee," jibu ambalo Wendell mwenyewe alikuwa akiwapa watu, akalisikia, akasema, "Sawa, sawa kabisa," ...na tangu asubuhi pale kwenye maegesho, alipomwona akiinama kufunga kamba za buti na kuinuka kwa kushika mlango wa gari, Lorna amekuwa akiyangoja makofi, atayapiga yeye, akitokeza tu, kabla hajavuta pumzi, haya, mzee kafika, twende, amekuwa akiyatafuna makofi hayo njia nzima, matamu kuliko huu mkate, atautazama uso wake, ataona kama midomo inatetemeka kama ya kwake ilivyotetemeka... kofia imefika kwenye lile jiwe lenye ufa, imesimama, ameshika fimbo zote mbili kwa mkono mmoja, anapumua, hapana, anajifanya anatazama bonde, na Lorna naye alikuwa akijifanya hivyo, alilitazama sana bonde mwaka ule... lakini hatatetemeka, anaanza kuliona hilo, atacheka, atalionyesha lile pengo lake la jino na kucheka, kama alivyocheka kwenye chakula cha jioni cha klabu aliponyanyua glasi mbele ya wote, "Mnamwona huyu? Huyu nimemtengeneza mimi. Nilimnyima kukaa mwaka mzima, mtazameni leo," watu wakapiga meza, na yeye, Mungu wangu, yeye akasema asante... ndivyo itakavyokuwa, akimpigia makofi atanyooka mgongo, atasema mwanafunzi kamshinda mwalimu, atajikokota nyuma yao hadi juu hata kwa magoti, na akishindwa atashindwa akiwa amesimama, atalisimulia hilo mpaka azikwe, basi makofi ni zawadi, njia nzima amekuwa akimbebea mzee zawadi... "Chai ipo bado?" anauliza Renata, na Lorna anaitikisa chupa, ipo, nusu, ya moto, na hapo ndipo anapomkumbuka Harlan, Harlan Moody wa duka la vyombo vya shamba, mnene, mpole, msimu mmoja baadaye alifika wa mwisho akihema, Wendell akainua mkono, makofi hayakupigwa, "Keti, bwana, keti, usiwe na haraka, Dwight mwondolee mkoba, mpeni chai huyu," wakagawana mizigo yake, wakamsifu kwa kila hatua, Harlan akanywa, akashukuru, akageuza macho kwenye miti, na hakuna aliyemtaja tena kwenye habari ya kamba, Jumamosi iliyofuata hakuja, wala hakuna aliyeuliza... na wakati wa kushuka Wendell akamsogelea Lorna, akamwambia kwa sauti ya mtu anayefunza kazi, "Mtu akishakwisha usimfukuze. Mpe chai," ...kofia imeliacha jiwe, inapanda, amebakiza kona mbili, Lorna anafungua kifuniko na mvuke unampiga usoni, anaweka mkate kando, anakung'uta sindano za msonobari kwenye gogo mahali pa mtu mmoja, "Dwight," anasema, taratibu, kama anayezungumzia hali ya hewa, "sogea kidogo, mzee apate pa kukaa. Na mkoba wake utauchukua wewe," na Dwight anaacha kutafuna, anamtazama, "Lorna, acha bwana... Wendell?" na Renata anainamia buti zake, wameelewa wote, hakuna anayesimama, na huko chini mzee anaongeza mwendo, anajitutumua, maana gogo halijaonekana kutoka pale alipo, na bado anaamini kwamba akitokeza tu watasimama.